Ugumu wa Kusoma katika Tahajia Nyepesi: Disleksia na Watoto wa Majengo, Sumbawanga

Kiswahili kimesifiwa tangu zamani kwa wepesi wa tahajia yake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka wa 1930, ilisanifisha maandishi ya herufi za Kirumi kwa kufuata lahaja ya Kiunguja, na tangu hapo kila irabu imekuwa na herufi yake moja, na konsonanti nyingi vilevile. Mtoto akiisha kujua ba, be, bi, bo, bu, na silabi nyingine za namna hiyo, aweza kusoma hata neno ambalo hajapata kulisikia. Kwa sababu hiyo wengi wamedhani kwamba mtoto asiyejua kusoma Kiswahili baada ya kukaa shuleni miaka miwili au mitatu hana udhuru: ama ni mvivu, ama ni mjinga, ama mwalimu wake hafundishi.

Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kosa, na ya kwamba gharama ya kosa hilo hulipwa na mtoto. Wako watoto wenye akili timamu, macho mazima na masikio mazima, ambao kusoma kunawawia vigumu kwa sababu iliyomo katika namna ubongo wao unavyozishughulikia sauti za lugha. Hali hiyo huitwa disleksia. Katika Kiswahili haijidhihirishi kama inavyojidhihirisha katika Kiingereza, na vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Kiingereza vyaweza kuipita bila kuiona. Kumtambua mtoto wa namna hii, na kumsaidia bila kumvunjia heshima yeye wala watu wake, kwataka maarifa ya mambo mawili pamoja: umbo la lugha anayosomeshwa, na desturi za watu anaoishi nao.

Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Majengo, kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Mji huu uko juu ya uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Jina la Majengo si geni kwa msomaji. Miji mingi ya Afrika Mashariki ina mtaa wa jina hilo, na aghalabu ni mtaa wa mchanganyiko, ambamo watu wa makabila mbalimbali wamekutana na Kiswahili kikawa lugha ya jirani na jirani. Ufipa ni nchi ya Wafipa, lakini kandokando yao wako Wamambwe, Walungu na Wanyiha, na pia Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Basi mtoto wa mtaa kama huo huenda akasikia Kifipa kwa bibi yake, Kiswahili cha mtaani kwa wenzake, na Kiswahili sanifu kwa mwalimu wake. Akishindwa kusoma, ni lazima iulizwe kwanza ni lipi kati ya mengi lililomshinda.

Chanzo cha maarifa haya

Mtaalamu wa kwanza kuitenga hali hii na magonjwa mengine ya usemi alikuwa Adolf Kussmaul, mganga wa Ujerumani, ambaye mwaka wa 1877 aliandika juu ya watu wazima walioweza kuona na kusema vizuri, lakini wakapoteza uwezo wa kusoma. Hali hiyo akaiita upofu wa maneno. Miaka kumi baadaye, yaani 1887, Rudolf Berlin wa nchi hiyo hiyo aliandika kitabu akitumia jina la disleksia, lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya ugumu na neno. Hao walishughulika na watu wazima walioumia ubongo. Mwaka wa 1896 mganga Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, ambaye hakupata kuugua wala kuumia. Alikuwa hodari wa hesabu, naye mwalimu wake alisema kwamba angekuwa wa mbele katika shule kama mafundisho yote yangalikuwa kwa mdomo. Walakini maneno yaliyoandikwa yalimshinda.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba tatizo liko katika kuona, na ya kwamba dalili yake kubwa ni mtoto kugeuza herufi, kama b kuiandika d. Dhana hii ingali ikisikika, ijapokuwa watoto wengi wanaoanza kuandika hugeuza herufi na kuacha wenyewe baadaye. Kadhalika mtoto anayetumia mkono wa kushoto, ambaye katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hukatazwa na kulazimishwa kutumia wa kulia, aweza kuwa na mwandiko mbaya bila kuwa na disleksia hata kidogo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeelekeza macho kwenye sauti: mtu mwenye disleksia kwa kawaida huona tabu kulipasua neno katika vipande vyake vya sauti, kuvishika vipande hivyo katika kumbukumbu, na kuvitoa upesi anapovitaka. Hali hii hufuata damu, na haina uhusiano na ukubwa au udogo wa akili.

Kwa nini hujificha katika Kiswahili

Mwaka wa 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya waliokuwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Katika lugha zenye tahajia ya kawaida, kama Kifini, watoto walikuwa wakisoma karibu maneno yote sawasawa. Watoto wa Kiingereza walisoma kama thuluthi moja tu. Kabla ya hapo, mwaka wa 1993, Heinz Wimmer wa Salzburg, Austria, alikuwa ameeleza habari za watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani. Watoto hao hawakukosea sana katika kutamka maneno, bali walisoma polepole mno. Na mwaka wa 2001 Eraldo Paulesu na wenzake waliwapima watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma kwa usahihi kuliko wengine, lakini sehemu ya ubongo iliyofanya kazi kwa udhaifu ilikuwa ile ile kwa wote. Maana yake ni kwamba ugumu ni mmoja, ila tahajia ya kila lugha huuvika nguo yake.

Kiswahili kiko upande wa Kifini na Kiitaliano. Basi mwalimu anayengoja kuona makosa mengi ya ajabu kabla ya kuamini kwamba mtoto ana disleksia atangoja bure. Mtoto wa Kiswahili mwenye hali hii huenda akafika mwisho wa sentensi bila kosa kubwa, lakini amefika amechoka. Hukata kila neno silabi kwa silabi, hata neno alilolisoma mstari uliotangulia. Akifika mwisho amesahau mwanzo, na akiulizwa habari ya aliyoyasoma hana jibu. Habari hiyo hiyo akisomewa na mwenzake, aieleza yote kwa ufasaha. Pengo hili kati ya sikio na jicho ndilo la kutazamwa.

Tena umbo la neno la Kiswahili lina mzigo wake. Kitenzi kimoja hubeba yale ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno matano. Tazama neno walivyotuandikia. Kwa silabi lakatwa hivi: wa-li-vyo-tu-a-ndi-ki-a, nazo ni nane. Kwa maana lakatwa hivi: wa-li-vyo-tu-andik-i-a. Mikato hii miwili hailingani, kwa kuwa shina -andik- limepasuliwa na silabi mahali pawili. Msomaji wa kawaida huvuka upesi kutoka mkato wa sauti kwenda mkato wa maana, wala hajui kwamba amevuka. Mwenye disleksia hukwama katika mkato wa kwanza, na shina, lililo moyo wa neno, halimfikii likiwa zima. Kwa sababu hiyo pia haifai kuhesabu maneno ambayo mtoto asoma kwa dakika moja katika Kiswahili, na kuilinganisha hesabu hiyo na ya mtoto wa Kiingereza, kana kwamba neno ni kipimo kimoja kila mahali.

Wala tahajia yenyewe si nyepesi pande zote. Herufi mbili huandika sauti moja katika ch, sh, ny, th, dh na gh. Alama moja ndogo hutenga ng'amua na ngamia. Herufi m huwa silabi peke yake katika mtu, lakini katika mbuzi huungana na b. Neno mbuni huandikwa namna moja tu, lakini mbuni ambaye ni ndege ana silabi mbili, na mbuni ambao ni mti wa kahawa una silabi tatu. Irabu mbili zikifuatana hugeuza maana, kama katika kufa na kufaa. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka wa 2003 uchunguzi wa makosa ya tahajia ya watoto katika Kiswahili, nao walionyesha wazi kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kawaida si jambo dogo. Mahali hapa penye ugumu hupata kila mtoto kwa muda. Mwenye disleksia hukaa hapo miaka.

Makosa ya namna tatu

Katika Ufipa, kama katika sehemu nyingi za bara, mwalimu hukuta makosa ya asili tatu katika daftari moja, na kazi yake ya kwanza ni kuyatenga.

Asili ya kwanza ni lugha ya nyumbani. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r, na sauti za th, dh, gh na kh, ambazo Kiswahili kilizipata pamoja na maneno ya Kiarabu, hazimo katika lugha nyingi za asili za bara. Viambishi navyo hutofautiana: Wafipa wenyewe huiita lugha yao Ichifipa, na mtoto aliyezoea chi- katika ngeli hii huenda akaandika chitabu badala ya kitabu. Basi mtoto akiandika karamu kwa kalamu, mahari kwa mahali, zambi kwa dhambi, au samani kwa thamani, ameandika kama anavyotamka. Jambo hili lataka kufikiriwa sana. Mtoto aliyeandika samani amelisikia neno, amelipasua katika sauti zake, na kila sauti ameipa herufi inayostahili. Kosa lake ni ushahidi kwamba kazi ya kupasua sauti yafanyika vema. Anahitaji kufundishwa Kiswahili sanifu, na kumpeleka kwa wataalamu wa disleksia ni kumpoteza njia.

Asili ya pili ni upungufu wa mafundisho. Darasa la watoto wengi kwa mwalimu mmoja, vitabu vichache, siku zilizopotea wakati wa kilimo au ugonjwa, haya yote huacha mapengo. Dalili yake ni kwamba makosa yana mpaka: mtoto ajua silabi alizofundishwa, na hajui zile zilizofundishwa alipokuwa hayupo. Akifundishwa kwa wiki chache, pengo huzibika.

Asili ya tatu ndiyo disleksia. Makosa yake hayaelezwi na Kifipa wala na Kiswahili, wala hayana mpaka. Kalamu leo yawa kamalu, kesho kalmu, keshokutwa yaandikwa sawasawa, na siku ya nne imepotea tena. Silabi hupinduliwa, irabu hudondoshwa, n ya nd au m ya mb huachwa. Mafundisho ya ziada yaliyowafaa wenzake hayamfai kwa kadiri ile ile. Na polepole yake haiondoki hata makosa yakipungua.

Asili hizi tatu zaweza kukutana katika mtoto mmoja, na macho na masikio hayana budi kupimwa hospitalini kabla ya hukumu yo yote. Lakini kwa kanuni hii mwalimu asiye na chombo ila daftari la imla aweza kuanza kazi. Awape watoto imla ya maneno yale yale mara nne katika mwezi mmoja. Kosa lililo lile lile kila mara, na linalofanana na matamshi ya mtoto, ni la lugha. Kosa linalobadilika kila mara ni la kuangaliwa zaidi.

Kipimo kilichomo ndani ya lugha

Vipimo vinavyotoka ng'ambo aghalabu humtaka mtoto atamke vitu alivyovichora mgeni: theluji, treni ya chini ya ardhi, tunda asilolijua. Mtoto wa Majengo akisita mbele ya picha hizo, kusita kwake hakuonyeshi kitu. Kipimo cha kutaja vitu upesi hakina haja ya vitu vya kigeni. Jembe, ndoo, sufuria, hindi na ng'ombe vyatosha, mradi mtoto avijue majina kabla ya kuanza kuhesabiwa muda.

Kwa kipimo cha kupasua sauti, Kiswahili kina mchezo wake wa zamani uitwao kinyume, ambao wageni walioandika juu ya lugha hii waliutaja tangu karne ya 19. Mchezaji huchukua silabi ya mwisho na kuiweka mbele: kitabu huwa bukita, kalamu huwa mukala. Watoto na vijana wameutumia ili wazee wasielewe maneno yao. Kwa mtaalamu wa lugha mchezo huu una thamani kubwa, maana waonyesha silabi kama zilivyo katika kichwa cha msemaji, na si kama zilivyo katika karatasi. Mbuzi huwa zimbu, m na b zikikaa pamoja. Lakini mtu huwa tum, maana m yasimama peke yake. Mtu asiyepata kuona herufi hata moja aweza kuucheza. Mtoto mwenye disleksia, hata akiwa msemaji hodari, mara nyingi huona tabu kubwa katika michezo ya namna hii, kwa kuwa yamtaka afanye kile kile kinachomshinda katika kusoma: kulipasua neno, kukishika kipande, na kukihamisha. Ushinde katika kinyume peke yake si hukumu. Ni alama moja, nayo yapatikana bila gharama na bila kumfedhehesha mtoto, maana aona anacheza.

Kwa mtoto aliyelelewa katika Kifipa yafaa mchezo ufanywe pia kwa maneno ya Kifipa. Akiweza katika lugha ya nyumbani na kushindwa katika Kiswahili, shida yake ni ugeni wa lugha. Akishindwa katika zote mbili, shida imeingia ndani zaidi.

Maneno ya kumwambia mzazi

Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapoacha daftari na kuingia nyumbani. Jina la Sumbawanga lenyewe huelezwa na wengi kuwa na maana ya kuutupa uchawi, na sifa hiyo imeenea nchi nzima, mara nyingi kwa mzaha unaowachukiza wenyeji. Lakini si Ufipa peke yake ambako mtoto mwenye akili, anayehesabu fedha za duka bila kukosea na kushindwa kusoma mstari mmoja, huwatia watu shaka kwamba kuna mkono wa mtu. Shaka hiyo ina mantiki yake: jambo lisilo na sababu inayoonekana hutafutiwa sababu isiyoonekana. Mwalimu anayeanza kwa kuwacheka wazazi amefunga mlango. Anayeanza kwa kuwaonyesha sababu inayoonekana, yaani daftari la imla nne na makosa yake yanayobadilika, amewapa kitu cha kushika.

Lugha ya kusemea jambo hili yataka uangalifu, nalo ni swali linalowahusu hasa watu wa istilahi. Upofu wa maneno, ijapokuwa ni tafsiri ya jina la Kussmaul, haufai, kwa kuwa humfanya mtoto kipofu katika masikio ya jirani. Uzito wa kusoma haufai, maana mzito katika Kiswahili ni mtu asiyeelewa upesi. Ulemavu wa kusoma waweza kufaa katika karatasi za serikali, lakini nyumbani huogopesha. Disleksia yafaa katika vitabu na katika taarifa za kitaalamu. Katika mazungumzo, ugumu wa kusoma ni afadhali, nao ufuate sarufi iliyo sawa. Kusema mtoto huyu ni mgumu ni kuutia ugumu ndani ya mtoto. Kusema kusoma kunamwia vigumu ni kuuweka ugumu katika kusoma, na mtoto abaki upande wa wanaosaidiwa. Mwalimu akimwambia mzazi, "Mama, mwanao ana akili, nasi twaiona, kusoma ndiko kunakomsumbua, na twataka tusaidiane nawe," amesema kweli yote bila kumtukana mtu.

Jambo la kurithi lataka uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba hali hii hufuata damu, na swali kama kuna mwingine katika ukoo aliyeona tabu na kusoma ni swali la maana. Lakini likiulizwa ovyo, mbele ya mume na mke na mashemeji, hugeuka kuwa mashitaka: ukoo wa nani ulioleta ujinga nyumbani? Mama aweza kubebeshwa lawama, na dada za mtoto kuharibiwa sifa zao za kuolewa. Basi swali hili huulizwa faraghani, kwa mzazi mmoja mmoja, na hutanguliwa na maelezo kwamba hali hii hurithiwa kama vile urefu au sauti ya kuimba hurithiwa, wala haitoki katika kosa la mtu. Mara nyingi baba atakumbuka mwenyewe siku zake za shule, na pengine itakuwa mara ya kwanza kuzitaja bila aibu.

Tena yafaa mzazi aonyeshwe yale ambayo mtoto ayaweza. Ufipa una hazina kubwa ya masimulizi. Roy Willis, mtaalamu wa desturi za watu, alitoa mwaka wa 1978 kitabu kizima juu ya sanaa ya usemi wa Wafipa. Katika jamii inayoheshimu msimulizi, mtoto ajuaye kusimulia hana sababu ya kuitwa mjinga, isipokuwa kama shule imeamua kwamba akili hupitia katika karatasi tu.

Msaada darasani

Msaada wenyewe hauhitaji vyombo vya gharama. Silabi hufundishwa kwa mpango, chache kwa wakati, na kila moja hutamkwa, huandikwa mchangani kwa kidole, hufinyangwa kwa udongo, kisha ndipo huandikwa katika daftari, ili sauti, mkono na jicho vifungwe pamoja. Herufi zinazochanganywa, kama b na d, hazifundishwi siku moja. Silabi za nd, mb, ng na ng' hupewa muda wao peke yao. Mtoto akiisha kuzijua silabi, hufundishwa mapema mkato wa pili, yaani wa maana: apewe shina -andik- au -som- katika kadi moja, na viambishi a-, li-, ta-, tu- katika kadi nyingine, ajenge na kubomoa maneno mwenyewe. Kwa njia hii hujifunza kulitambua shina kwa jicho moja, na neno refu hupungua urefu.

Hadithi anayoijua kwa mdomo ndiyo iwe ya kwanza kusomwa. Asimulie, mwalimu aandike maneno yake, kisha ayasome mara nyingi mpaka yawe mepesi. Vitendawili navyo vyafaa, kwa kuwa ni vifupi, vyarudiwa, na vyachezwa na watu wawili. Asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa kwa kushtukizwa, wala asipigwe kwa sababu ya kosa la herufi. Katika somo la historia au sayansi aruhusiwe kujibu kwa mdomo, ili ujuzi wake wa somo usipimwe kwa ugumu wake wa kusoma. Katika Zambia, jirani wa Ufipa, mchezo wa simu uitwao GraphoGame, uliotungwa katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, ulitengenezwa kwa Kinyanja na kujaribiwa kwa watoto wa darasa la kwanza mjini Lusaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha faida zaidi pale mwalimu naye alipoutumia pamoja na watoto. Hata chombo kipya, basi, hakikuondoa haja ya mwalimu.

Kwa nini haifai kungoja

Serikali ya Tanzania imekwisha kuweka msingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka wa 2010, mkakati wa elimu jumuishi ulianza mwaka wa 2009 na kufuatwa na mingine, na mwaka wa 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulifanywa upya ili ukaze Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa katika Chuo cha Patandi, karibu na Arusha. Lakini kutoka Arusha hadi Sumbawanga ni safari ndefu, na mtoto asiye na fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu hana kitu kinachoonyesha kwa macho kwamba ahitaji msaada. Mtoto huyu hutegemea mwalimu wa kawaida ajuaye la kutazama.

Tena kuna hatari inayomngoja mbele. Wepesi wa tahajia ya Kiswahili waweza kumfikisha mtoto mwenye disleksia mwisho wa shule ya msingi, kwa juhudi kubwa na bila mtu kujua. Akiingia sekondari, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi nne o, u, g na h huandika sauti moja katika though, nyingine katika through, na nyingine tena katika tough. Njia yake ya silabi kwa silabi, iliyomfaa miaka yote, yavunjika katika mwaka mmoja. Walimu wake wapya waona kijana aliyefaulu kuja sekondari na kuanguka ghafula. Wasema amelegea, amepata marafiki wabaya. Wengi wenye shida ya lugha huanguka wakati huo, na mwenye disleksia hupotea katikati yao. Kama angalitambuliwa katika darasa la pili, angalifika hapo na maandishi mkononi, na pengine na haki ya muda wa ziada katika mtihani.

Wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii, wala haiwezi kufanywa na waganga wala na walimu peke yao. Zatakiwa orodha za maneno ya imla zilizopangwa kwa umbo la silabi, kuanzia CV mpaka mbw na ngw. Yatakiwa maneno yasiyo na maana yanayofuata kanuni za sauti za Kiswahili, ili kupima usomaji usiotegemea kumbukumbu. Na kwa kila mkoa yatakiwa maelezo mafupi ya sauti na viambishi vya lugha zake, ili mwalimu ajue kosa lipi ni la kawaida mahali pake. Kwa Ufipa maelezo hayo yaanze na Kifipa. Mwalimu wa Majengo akiwa na karatasi mbili za namna hiyo juu ya meza yake, mtoto aliyeandika samani na mtoto aliyeandika kamalu hawataitwa tena kwa jina moja, wala hawatapewa adhabu moja.